Wiki Moja Kabla ya Paris: Kwa Nini Brussels Open Ilidumu Miaka 3 Tu

Jumamosi ya tarehe 21 Mei 2011, mcheza tenisi Caroline Wozniacki wa Denmark alifungwa seti ya kwanza 2-6 na Peng Shuai wa China, kisha akapindua meza na kuchukua mbili zilizofuata, 6-3, 6-3. Hiyo ilikuwa fainali ya kwanza ya Brussels Open, kwenye viwanja vyekundu vya klabu ya Royal Primerose, Laeken, upande wa kaskazini wa jiji. Wozniacki alikuwa na miaka 20, namba moja kwa ubora duniani, na lile lilikuwa taji lake la kwanza kwenye udongo mwekundu. Mataji ya udongo aliyokuwa nayo kabla ya hapo aliyapata Marekani, kwenye ule udongo wao wa kijani.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, French Open, moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, ikaanza Paris.

Nimeziweka siku hizo mbili pamoja kwa makusudi. Mama mmoja ambaye binti yake hufanya mazoezi klabuni kwetu aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, hivi mashindano hufa kwa nini? Ni pesa tu?" Nikamwambia pesa huisha mwishoni kabisa, lakini kabla hazijaisha kuna kitu huwa kimeshaoza, na mara nyingi kitu hicho ni tarehe. Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Basi mama, jibu kamili ni hili.

Mimi ni mtu wa viwanja. Nilianza nikiwa kijana wa kushika mpira wa maji na fagio kwenye viwanja vya murram jijini Nairobi. Baadaye nikaanza kusaidia kupanga ratiba za mashindano ya udongo, na hadi leo kazi yangu ni hizo mbili: udongo na kalenda. Ukikaa kwenye kazi hii muda wa kutosha, unaacha kuuliza nani alishinda wapi. Unauliza aliyeshinda alitoka wapi wiki iliyopita, na wiki ijayo anakwenda wapi. Brussels Open ya wanawake ilichezwa 2011, 2012 na 2013, ikafutika. Kwangu ni mfano bora kuliko yote ninayoyajua wa mashindano yaliyokuwa na kila kitu isipokuwa wiki nzuri.

Wiki ni mali. Mtu wa nje hudhani mashindano ni uwanja, wadhamini na kikombe, lakini anayeyamiliki ana haki ya kuyaandaa katika wiki fulani ya kalenda, kwa daraja fulani, na haki hiyo hukodishwa, huuzwa na huhamishwa kama kioski cha sokoni. Mwaka 2009 chama cha wachezaji wa kulipwa wa kike, WTA, kilipanga upya kalenda yake. Mashindano ya juu yakaitwa Premier, ya chini yake International. Bingwa wa International alipata pointi 280 za kupandia kwenye orodha ya ubora duniani. Bingwa wa Premier ya kawaida alipata 470. International ilitoa zawadi ya jumla ya dola 220,000. Premier kama ya Brussels ilianzia zaidi ya dola 600,000. Zawadi hizo ni sehemu tu ya bili. Kuna hoteli za wachezaji, waamuzi, kamera, mipira, jukwaa, walinzi, na majina makubwa ambayo yana namna zake za kuombwa yaje.

Wiki ya mwisho kabla ya French Open ilikuwa na Premier moja katika mpango huo mpya. Ilianza Warsaw, Poland. Mwaka 2009 taji lilikwenda kwa Alexandra Dulgheru wa Romania, ambaye hakuwa hata na nafasi ya moja kwa moja: alipitia mchujo wa awali, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, akamshinda Alona Bondarenko wa Ukraine kwenye fainali, seti ya tatu 6-0. Mwaka uliofuata akarudi na kulitetea, safari hii akimfunga Zheng Jie wa China 6-3, 6-4. Hayo ndiyo mataji mawili pekee ya ngazi hiyo aliyoyapata katika maisha yake yote ya tenisi, yote Warsaw, yote katika wiki hiyohiyo.

Kwa mpenzi wa michezo hiyo ni hadithi tamu. Kwa mtu wa ratiba ni taa nyekundu. Binti aliyetoka kwenye mchujo akibeba kombe la Premier, na akalirudia, anakwambia kwamba wakubwa ama hawakuja, ama walikuja miili ikiwa Warsaw na akili zikiwa Paris. Baada ya 2010 Warsaw ikaachia wiki hiyo, na Brussels ikaipokea.

Kwa nini Ubelgiji? Hapa nawatetea waandaaji, kwa sababu kwenye karatasi hesabu yao ilikuwa safi. Nchi ndogo ile, yenye watu wapatao milioni 11, ilikuwa imeipa dunia Justine Henin na Kim Clijsters kwa wakati mmoja. Wote wawili walifika namba moja duniani. Mwaka 2003 walikutana kwenye fainali ya French Open na Henin akashinda 6-0, 6-4, Wabelgiji wawili wakigombea udongo wa Wafaransa. Henin alichukua kombe hilo mara 4: 2003, 2005, 2006 na 2007. Naye alikuwa mtoto wa udongo wa nyumbani: Mei 1999, akiwa na miaka 16, alipewa mwaliko wa kucheza mashindano ya udongo ya Antwerp, akayashinda moja kwa moja. Wangapi hushinda mashindano yao ya kwanza kabisa ya ngazi hiyo?

Tena Wabelgiji walishazoea kulipa kiingilio kutazama tenisi ya wanawake. Antwerp hiyohiyo iliwahi kuwa na mashindano ya ndani ya ukumbi, Diamond Games, yenye sharti la kipekee: atakayeshinda mara 3 ndani ya miaka 5 anaondoka na raketi ya dhahabu iliyopambwa kwa almasi. Amélie Mauresmo wa Ufaransa alishinda 2005, 2006 na 2007, akaichukua raketi. (Nimewahi kuwaza ingekuwaje tukitoa hata raketi ya shaba kwetu. Halafu nakumbuka kwamba mwaka mmoja hata jezi za waokota mipira zilichelewa, nanyamaza.)

Kwa hiyo unapata Premier ya udongo mwekundu, katika mji mkuu wa nchi ya Henin na Clijsters, umbali wa saa moja na dakika ishirini na kitu kwa treni ya kasi kutoka Paris. Nani angekataa?

Tarehe 26 Januari 2011, Henin akatangaza kwamba kiwiko chake hakiponi, anastaafu, na safari hii ni moja kwa moja. Siku chache baadaye Clijsters alishinda Australian Open, na Februari akarejea namba moja kwa wiki moja. Mtu angesema walau mmoja yupo, tena yuko kileleni. Aprili akaumia kifundo cha mguu akicheza dansi kwenye harusi ya binamu yake. Naam, harusini. Alirudi uwanjani moja kwa moja kwenye French Open bila mechi hata moja ya udongo, akatolewa raundi ya pili na Mholanzi Arantxa Rus. Mwaka 2012 hakucheza msimu wa udongo kabisa, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo akastaafu New York. Brussels Open ilipofika toleo lake la tatu, wote wawili walikuwa wameshatundika raketi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kucheza mechi ya mashindano yale.

Waliobaki walikuwa Yanina Wickmayer, aliyefika nusu fainali ya US Open 2009, na Kirsten Flipkens. Flipkens naye aling'aa kwa kuchelewa: alitinga nusu fainali ya Wimbledon Julai 2013, wiki chache tu baada ya Brussels Open ya mwisho kumalizika. Ukiwa mwandaaji ukaliona hilo kwenye televisheni, nadhani unazima.

Lakini sitaki ubaki na picha kwamba Brussels iliponzwa na kiwiko na harusi. Hata Clijsters angekuwa mzima wa afya, bado kuna swali ambalo kila mchezaji wa juu alijiuliza kila Mei, na jibu lake halikuwa Brussels.

Chukua kalamu. Miaka ile mashindano makubwa ya udongo ya Madrid yalichezwa mwanzoni mwa Mei, na ya Rome yakafuata bila kupumua. Ukifika nusu fainali Rome, umecheza mechi za udongo wiki mbili mfululizo, mechi ambazo pointi moja inaweza kuchukua mipigo 20 kwa sababu udongo unaula mwendo wa mpira na kumpa mkimbiaji muda wa kuufikia. Rome inaisha Jumapili, Brussels inaanza Jumatatu. Ukifanya vizuri Brussels unacheza fainali Jumamosi, na Paris inaanza Jumapili. Raundi ya kwanza ya Paris husambazwa kwa siku 3, kwa hiyo inaweza kuombwa uanze Jumanne. Siku mbili za kupumzika, moja ikiwa ya kusafiri.

Upande wa pili wa mizani: bingwa wa Brussels anapata pointi 470. Bingwa wa Paris anapata 2,000, na mwaka 2011 alipata pia euro milioni 1.2. Hata aliyefungwa raundi ya kwanza kabisa mwaka ule aliondoka na euro 15,000 kwa kuingia tu uwanjani. Mwaka huo pia Paris ilibadilisha mipira, ikahamia Babolat, na wachezaji wengi walitaka siku za kuizoea kule kule. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na meneja wa kumpigia hesabu.

Sasa tazama mabingwa wa Paris wa miaka ile mitatu. Li Na, 2011: alifika nusu fainali Rome, akapumzika wiki iliyofuata, akashinda Paris. Maria Sharapova, 2012: alishinda Rome, akapumzika, akashinda Paris. Serena Williams, 2013: alishinda Rome, akapumzika, akashinda Paris. Katika miaka yote mitatu ya uhai wa Brussels Open, mwanamke aliyekuja kuwa malkia wa udongo wiki mbili baadaye alikuwa mahali fulani miguu ikiwa juu ya mto.

Na walioshinda Brussels? Wozniacki 2011 ndiye anayeniuma. Alikuwa ametoka fainali ya Stuttgart, akacheza Madrid, akafika nusu fainali Rome, akaja Brussels na kutwaa kombe, akafungasha virago Paris raundi ya tatu mbele ya Daniela Hantuchová, 6-1, 6-3. Agnieszka Radwańska alishinda Brussels 2012 akiwa namba 3 duniani. Paris, raundi ya tatu pia, Svetlana Kuznetsova akamtoa 6-1, 6-2. Soma tena hizo namba. Wachezaji wa kiwango kile kupata gemu 4 na gemu 3 kwenye mechi nzima si suala la mbinu tu. Sisemi Brussels ndiyo iliyowafunga, maana Kuznetsova alishawahi kuwa bingwa wa Paris na siku yake ikifika hakuna wa kumzuia. Ila mawakala husoma namba kama mimi ninavyozisoma, na mwaka unaofuata wanashauri ipasavyo.

Hapa nitatoka kidogo kwenye ratiba niingie kwenye udongo, kwa sababu wengi wanaoniandikia hudhani viwanja vya Brussels na Paris vilitofautiana. Kimsingi vitu hivi ni ndugu. Kwanza, "udongo" wenyewe si udongo. Ule mwekundu unaouona kwenye televisheni ni unga wa matofali yaliyosagwa, na Paris tabaka lake halizidi milimita 2. Chini yake kuna chokaa ya mawe iliyosagwa na kushindiliwa, chini yake mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha kokoto, kisha mawe makubwa ya kupitisha maji. Mchezaji anateleza juu ya unga, lakini anachokanyaga ni chokaa. Sisi Nairobi hutumia murram iliyochekechwa, ambayo ina tabia zake: ikikauka inatoa vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chai, ikizidi maji inakuwa uji.

Siri ya uwanja wa namna hii ni maji. Chokaa ile ya kati ndiyo tangi. Inashika unyevu na kuupandisha taratibu ili unga wa juu usipeperuke. Ukimwagilia kidogo, mpira unaruka kwa kasi na wachezaji wanaanguka. Ukizidisha, mpira unakufa na mechi inakuwa ya saa tatu. Mwaka mmoja, kwenye klabu ambayo sitaitaja, nilipitisha rola kabla maji hayajanywewa. Nilitengeneza ngozi ngumu juu na tope chini yake, na mechi ya kwanza asubuhi ikavunja mistari yote miwili ya nyuma. Mwamuzi alinitazama kama aliyekuta chumvi kwenye uji wake. Tangu siku hiyo nachomeka kidole kwenye uwanja kabla ya kuruhusu rola, na vijana wangu hunicheka.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu udongo wa Brussels haukuwa tatizo. Kwa anayetaka kuteleza, kupima ruko la mpira na kusoma alama yake chini kama mwamuzi aliyeshuka kwenye kiti kuhakiki mstari, wiki ya Brussels ilikuwa mazoezi mazuri kuliko yote. Ulitaka kuona uwanja uliokuwa tatizo? Wiki mbili kabla ya Brussels ya 2012, Madrid ilikuwa imepakwa rangi ya buluu. Wazo la Ion Țiriac: mpira uonekane vizuri kwenye televisheni. Ulionekana, ila wachezaji waliteleza kama wako kwenye sabuni. Rafael Nadal na Novak Djokovic wakasema ukibaki hivyo hawarudi, na mwaka uliofuata Madrid ikawa nyekundu tena. Lakini hakuna aliyeifuta Madrid kwenye kalenda. Udongo mbovu kwenye wiki nzuri ulisamehewa. Udongo mzuri kwenye wiki mbovu haukuwa na wa kuusemea.

Turudi Brussels, mwaka wa pili. Fainali ya 26 Mei 2012, Jumamosi tena, siku moja kabla ya Paris tena. Radwańska dhidi ya Simona Halep wa Romania, binti wa miaka 20 ambaye nje ya kwao hakuwa na jina kubwa. Seti ya kwanza Halep alikaza mpaka 7-5. Ya pili ikaisha 6-0. Ukimjua Radwańska, unajua 6-0 yake haikuwa ya nguvu. Alikuwa fundi. Alikuwa anachuchumaa hadi goti karibu liguse chini na kuurudisha mpira kama anayeokota shilingi, mpira mfupi hapa, mrefu pale, mpaka mpinzani anachoka akiwa hajui nini kimemchosha. Wiki sita baadaye alicheza fainali ya Wimbledon na kumpeleka Serena Williams seti tatu.

Wawili wawili mwaka ule walishinda Bethanie Mattek-Sands wa Marekani na Sania Mirza wa India. Nalitaja kwa sababu Mirza alikuwa na mashabiki wengi kwetu Afrika Mashariki, na bado kuna watu wanaobisha kwamba hakuwahi kushinda chochote kwenye udongo.

Mwaka wa tatu, 2013, ulikuwa wa Kaia Kanepi wa Estonia: 6-2, 7-5 dhidi ya Peng Shuai, yuleyule wa fainali ya kwanza. Peng alipoteza fainali mbili kati ya tatu za mashindano yale, na alisubiri hadi Tianjin mwaka 2016 kupata taji lake la kwanza la mmoja mmoja. Kanepi naye alikuwa mchezaji wa ajabu, mwenye mkono mzito, mwanamke wa kwanza wa Estonia kushinda taji la WTA, kule Palermo 2010. Brussels likawa taji lake la nne na la mwisho. Fainali nzuri kwa mtu anayependa tenisi. Ila mdhamini anayetakiwa kulipa zaidi ya dola 600,000 hanunui tenisi. Ananunua bango, na bango linahitaji uso ambao watu wanaujua wakiwa kwenye basi.

Mwaka 2014 ulipofika, Brussels haikuwa kwenye kalenda.

Hapa ndipo mama yule angenikatiza: "Mwalimu, kama wiki ni mbaya, mbona Strasbourg bado ipo?" Ni swali la haki. Strasbourg, Ufaransa, ina mashindano ya wanawake ya udongo tangu 1987, na miaka yote mitatu ya Brussels yalichezwa wiki hiyohiyo, sambamba. 2011 alishinda Andrea Petkovic, 2012 Francesca Schiavone, 2013 Alizé Cornet. Na hayakufa. Kinyume chake, mwaka 2024 yalipandishwa hadi daraja la 500, ambalo ndilo jina la sasa la Premier ya zamani, na Madison Keys wa Marekani akawa bingwa.

Majibu yangu ni mawili, na la pili lina nguvu kuliko la kwanza. La kwanza ni kwamba Strasbourg iko ndani ya Ufaransa. Mfaransa anayejiandaa kwa Paris anajiandaa nyumbani, mbele ya watu wake, lugha yake, televisheni yake. Schiavone na Cornet walipocheza fainali ya 2012 pale, ukumbi haukuwa na haja ya kueleza Cornet ni nani. Brussels ilitegemea Wabelgiji wawili. Strasbourg ina foleni ya Wafaransa isiyoisha.

La pili ni bei. Strasbourg wakati ule ilikuwa International. Ilikuwa inauza wiki ngumu kwa bei ya wiki ngumu. Ilijua wateja wake: wachezaji waliotolewa mapema Rome wanaohitaji mechi mbili tatu, vijana wanaotafuta pointi, wakongwe wanaotaka kupasha misuli. Hakuna aliyeahidiwa kumi bora. Brussels ilichukua wiki hiyohiyo kwa bei ya Premier, ikalazimika kuahidi vitu ambavyo wiki yenyewe haiwezi kutoa. Ni kama mtu anayepanga duka la barabara ya ndani kwa kodi ya barabara kuu, halafu anashangaa wateja hawapiti.

Na ushahidi upo. Nafasi ile haikubaki tupu. Nürnberg, Ujerumani, ilianza 2013 mwezi Juni, baada ya Paris. Mwaka 2014 ikasogea kuchukua wiki ya kabla, lakini kama International. Bingwa wake 2014 alikuwa Eugenie Bouchard wa Canada, akishinda taji lake la kwanza, na siku chache baadaye alifika nusu fainali ya Paris, Sharapova ndiye aliyemtoa. Kwa hiyo msinihukumu kwamba nimesema kucheza wiki ile ni sumu. Kwa binti wa miaka 20 mwenye mapafu mapya, anayetafuta kujiamini, ni dawa. Kwa namba moja duniani aliyetoka Stuttgart, Madrid na Rome, ni mzigo. Nürnberg iliwalenga wa kwanza, ikadumu hadi 2019.

Sisi huku tuko mbali sana na hizo Premier, lakini kalenda inauma vilevile. Mashindano ya wanawake ya ngazi ya chini yanapoletwa Nairobi, hupangwa mawili mfululizo, wiki baada ya wiki, uwanja uleule. Watu huniuliza kwa nini tusitenganishe, moja Machi, jingine Septemba, ili mashabiki wapate mara mbili. Kwa sababu mchezaji aliye namba 400 duniani anajilipia ndege. Hawezi kuja Afrika Mashariki kwa wiki moja, afungwe raundi ya kwanza Jumanne, arudi. Ukimpa wiki mbili, anakuja. Ukimpa moja, unabaki na droo iliyojaa nafasi tupu na udongo ulionyweshwa maji bure. Mwaka ambao tulilazimika kuchukua wiki moja pekee, iliyobanwa kati ya mashindano ya mabara mengine, nilimwagilia viwanja sita na vikatumika vitatu.

Nimalizie na Halep, yule aliyekula 6-0 pale Laeken.

Januari 2018, Melbourne, fainali ya Australian Open ilikuwa Wozniacki dhidi ya Halep: bingwa wa Brussels 2011 dhidi ya aliyeshindwa fainali ya Brussels 2012. Wote walikuwa wameshafika namba moja duniani, wote hawajawahi kushinda moja ya yale makubwa manne. Wozniacki akashinda kwa seti tatu. Halep akarudi kwenye udongo, na Mei 20 akacheza fainali ya Rome, akafungwa vibaya na Elina Svitolina, 6-0, 6-4. French Open ilikuwa inaanza tarehe 27. Katikati kulikuwa na Strasbourg na Nürnberg, mashindano mawili ya kuondolea machungu ya fainali kama ile. Wiki hiyo hakucheza popote. Juni 9 alikuwa amesimama Paris na kombe mikononi.